Siku Mtani Wangu Aliponipa Shikamoo

Mimi si mtu wa safari. Wengine walizaliwa na miguu, mimi nilizaliwa na kigoda. Tangu nimalize kidato cha nne nimekaa Kiomboi, na hapo Kiomboi penyewe nimekaa zaidi uani kwangu, kati ya banda la kuku na jiko, na habari za sokoni hunifikia zikiwa zimepoa kama ugali wa jana. Ndugu zangu husema siku nikifa hawatahangaika na jeneza, watanizika na kigoda changu. Sikatai. Ni kigoda kizuri, cha mninga.

Kilichonitoa nyumbani kilianza kikiwa kidogo kama punje ya karanga, kwenye titi la kushoto. Kwa kuwa mimi ni mtu mwenye adabu kwa wageni, nilikiacha nikidhani kitaaga chenyewe. Hakikuaga. Kikawa kama karanga na ganda lake, kisha kama yai la tetea, na siku nilipokwenda hospitali ya hapa kwetu kilikuwa kimeshajishikiza kwenye mbavu kama kupe. Muuguzi alinipapasa. Alinawa mikono, akaniambia nitakwenda Dodoma, kisha akanisindikiza mpaka mlangoni akiwa amenishika kiwiko. Hapo ndipo nilipoogopa. Nimeishi hapa miaka yote hii na sijawahi kuona muuguzi akimsindikiza mtu mwenye miguu yake miwili.

Siku hiyo nikajifunza jambo: watu wa kwetu wakikuheshimu ghafla, jipapase.

Mtu mmoja tu hakuniheshimu. Huyo ni jirani yangu, mwanamke wa Kisukuma aliyeletwa Kiomboi na ndoa. Ndoa ikaondoka, yeye akabaki, anauza dagaa na samaki wakavu sokoni. Mimi Mnyiramba, yeye Msukuma, kwa hiyo haki ya kunitukana aliirithi kwa babu zake kama wengine wanavyorithi ng'ombe. Nyua zetu zimetenganishwa na minyaa, na kwenye minyaa hiyo kuna pengo alilolitoboa mwenyewe, maana anasema kuzunguka mpaka getini ni kazi ya watu wenye adabu. Asubuhi alikuwa akiingilia hapo, ameinama, kanga imefunika uso ili utomvu usimwingie machoni, na kabla hajanyoosha mgongo ameshaanza:

"We Mnyiramba! Mlenda umeisha, au bado unauvuta?"

Nimemzidi umri, na kwa haki angepaswa kuniamkia. Hajawahi. Mtani haamkii, hasa mtani huyu.

Mume wangu alipofariki, ni yeye aliyevaa koti lake, akakohoa kikohozi chake, akatembea katikati ya waombolezaji akidai chai isiyo na sukari kama marehemu alivyokuwa akidai. Watu walilia na kucheka kwa pumzi moja. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kumtembeza marehemu kwa mara ya mwisho.

Nilipomwambia habari za uvimbe alijifunga kanga upya. Kisha akanitazama juu mpaka chini.

"Basi naanza mazoezi leo leo," akasema. "Wewe unatembea kama bata aliyeambiwa kuna chatu. Sitaki siku yako ifike halafu nikaharibu."

Na kuanzia siku hiyo akawa ananiita Marehemu. "Marehemu, umekula?" "Marehemu, fukuza kuku wako, wananimalizia dagaa!" Wageni walishika midomo. Mchungaji alikohoa. Mimi nilikuwa nalala usingizi mzuri, kwa sababu mtu anayekuita marehemu mchana kweupe, huku akikudai chumvi, huyo haamini hata kidogo kwamba utakufa.

Binti yangu anaishi Dodoma, na huko ndiko nilikofikia. Lakini yeye ni mtu wa ajira, hawezi kuomba ruhusa kila mara, hivyo aliyekuwa akinisindikiza hospitali ni mtani. Tulisafiri naye kutoka Kiomboi. Hospitali kubwa hutaka mgonjwa aje na ndugu. Mlangoni wakamuuliza, "Wewe ni ndugu yake?" Akajibu, "Mimi mrithi wake." Wakatupitisha.

Daktari wetu alikuwa kijana wa rika la binti yangu, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa na bibi. Siku ya kwanza alinichoma sindano nene, akatoa vipande vya nyama vyembamba kama tambi, akavitumbukiza kwenye kikopo chenye dawa. Akasema vitapelekwa maabara, vitakatwa vyembamba zaidi, vitapakwa rangi, na vitatafutwa alama.

"Alama gani?" nikauliza.

"Mama, saratani ya titi si ugonjwa mmoja. Ni kama watu wa ukoo mmoja, sura zinafanana lakini tabia mbalimbali. Alama ndizo zinatuambia huyu wa kwako ana tabia gani, na dawa ipi anaweza kuisikia."

Vipande vile vilipelekwa mpaka Dar es Salaam. Mimi mwenyewe sijafika Dar es Salaam. Nyama yangu ilinitangulia, nami nilibaki nyumbani nikiionea wivu.

Majibu yalipotoka tuliitwa tena. Daktari alivuta kiti karibu, na hilo nalo sikulipenda.

"Alama tatu za kwanza," akasema. "Mbili ni vipokezi vya homoni. Chukulia ni masikio, uvimbe unayatumia kusikia homoni za mwili wako. Ya tatu ni protini ambayo ikizidi tuna sindano yake maalumu. Uvimbe wako hauna hata moja."

"Hauna masikio," mtani akasema. "Kama mwenyewe."

Daktari alijikaza. "Maana yake, mama, vidonge vya kuzuia homoni havitakusaidia, na sindano ile haitakusaidia. Umebaki mlango mmoja, dripu za tiba kemikali. Halafu kuna alama ya nne. Tunaangalia seli ngapi ziko mbioni kugawanyika. Zako ni nyingi mno. Zina haraka."

"Haraka?" Mtani akainuka nusu kitini. "Daktari, mmebadilisha vikopo! Huyu mtu hajawahi kuwa na haraka. Hata kuzaliwa nasikia walimvuta."

Hapo daktari alicheka, nami nikacheka.

"Haraka ni mbaya?" nikauliza.

"Ni mbaya, kwa kuwa uvimbe wa namna hiyo hukua upesi. Lakini dawa zetu hukamata zaidi seli zinazogawanyika. Iliyotulia inaweza kujificha, yenye haraka inakutwa njiani. Kwa hiyo ubaya wake huohuo ndio tumaini letu." Akanyoosha kidole. "Nimesema tumaini. Sikusema ahadi."

Akatupa mpango. Raundi nne za dripu, kila moja na mapumziko ya wiki kadhaa, na kila nikirudi ataupima uvimbe. Ukisinyaa na kuachia mbavu, nitafanyiwa upasuaji, utatolewa wote. Usiposinyaa, mpasuaji hawezi kuugusa.

"Usiposinyaa inakuwaje?"

"Tutakaa tuzungumze," akasema.

Nimesikia watu wakitishiwa kwa panga, na wengine kwa mahakama. Sijasikia tishio baya kama lile.

Dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu. Wanawake wenzangu kwenye viti vya dripu waliiita soda. Ilinipitia baridi mkononi, nikakojoa rangi yake, na nikarudi Kiomboi nikiwa na mdomo wenye ladha ya sarafu. Ugali ulinuka, chai ilinuka, hata maji yalinuka. Wiki zilizofuata nywele zilibaki kwenye mto zenyewe, bila kuniuliza. Mtani alipoona kichwa kile alikizunguka kama mtu anayenunua tikiti.

"Marehemu," akasema, "kichwa hiki kingekuwa bapa kidogo ningekianikia dagaa."

Nilikuwa natapika nikicheka. Si jambo rahisi, ukitaka kujaribu.

Raundi ya pili ndipo mambo yalipogeuka. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kusubiri, wanawake wenye vilemba vya kuficha vipara, kila mmoja ameshika mkoba wake kama kuku wa mnada. Mtani akachoka na ule ukimya. Akainama mpaka kifuani kwangu, akausemesha uvimbe kwa mnong'ono ambao benchi zima liliusikia.

"We uvimbe! Usiondoke haraka. Kaa kwanza, vitenge vyake nimeshavichagua, nakusubiri wewe tu umalize kazi."

Benchi likapasuka. Mama mmoja alicheka akishika kidonda chake kwa mikono miwili. Tukaitwa tukiwa bado tunafuta machozi.

Daktari alipima kwa kile kipimio chao cha chuma chenye midomo miwili kama ya korongo. Akapima. Akakifuta, akapima tena.

"Uko palepale," akasema. "Labda umeongezeka kidogo upande huu. Bado mapema, mama."

Sikumtazama daktari. Nilimtazama mtani, nikingoja neno. Alikuwa ameziba mdomo kwa vidole, kama mtu aliyeungua kwa chai.

Nikapelekwa kwenye kiti cha dripu. Kutoka pale niliuona mlango wa daktari, uko wazi nusu, na mtani hajatoka. Daktari alikuwa akisema jambo, taratibu, na yeye akiitikia kwa kichwa. Kwetu mgonjwa hupewa pole, ndugu hupewa habari. Kila mtu analijua hilo. Soda nyekundu ikaendelea kushuka, nami nikaendelea kuutazama ule mlango.

Siku ya kurudi, njia nzima kutoka Dodoma hakusema kitu. Kuna mafundi seremala wanaopanga majeneza kando ya barabara kabla hujaingia Singida mjini. Safari iliyopita alinigonga begani pale. "Chagua, Marehemu, usije ukanilaumu." Safari hii tulipopakaribia aligeukia dirisha la upande wa pili, akajifanya anaangalia alizeti.

Asubuhi yake nilikaa kigodani nikilitazama pengo la minyaa. Jua likapanda. Pengo halikutikisika. Kisha nikasikia sauti getini, na kwa kweli sikuitambua.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

Akaingia kwa mlango. Amevaa kanga iliyonyooshwa, ameshika bakuli la uji kwa mikono miwili. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada."

Mdomo wangu ukaitikia wenyewe. "Marahaba." Ndivyo tulivyolelewa, shikamoo haiachwi hewani. Lakini nilipoitamka nilihisi kama nimepokea mzigo bila kuuliza umebeba nini.

"We Msukuma," nikasema, "umelaliwa na ng'ombe?"

"Nipo, dada."

"Uji umekorogwa na nani huu, mbona umetulia kama mkwe?"

"Kunywa ukiwa wa moto, dada."

Akasubiri ninywe, akachukua bakuli, akaondoka kwa kupitia getini, na akalifunga geti polepole lisilie.

Basi nikajua. Mtu asije akanidanganya kwamba mgonjwa huambiwa na vipimo. Vipimo vilikuwa Dodoma. Mimi niliambiwa na geti lililofungwa polepole. Yule mwanamke alimfanyia mzaha mume wangu akiwa ameshalazwa kwenye ubao, na sasa ananipa shikamoo mimi nikiwa hai. Kuna nini alichoambiwa mle ndani ambacho hata mdomo ule hauwezi kukibeba?

Siku zile kila kitu kilianza kusema lugha moja. Kucha zangu zikawa nyeusi kutokea mzizini. Mchungaji alikuja akasali sala ndefu, nzuri, na ndani yake nilitafuta ombi la kupona sikulikuta, alituombea tupokee mapenzi ya Mungu. Shemeji yangu wa Ulemo, ambaye kwa kawaida hula kuku wangu na kulalamika kwamba ni mgumu, alikuja akala mlenda akasifu. Upepo wa Singida mnaujua, hauna adabu, unaingia mpaka kwenye sufuria. Lakini hata huo niliuona kama unapita nje ya ua wangu kwa kunyata.

Nikaanza kugawa. Tetea wangu bora nikampelekea jirani wa nyuma. Nikampigia binti yangu simu.

"Vitenge vizuri viko kwenye sanduku la chini, sio la juu. La juu lina vya kufutia."

"Mama, unaaga?"

"Naagiza."

"Mama!"

"Si ni kuagiza tu. Mtu haruhusiwi kujua sanduku lilipo?"

Akakata simu kabla sijamsikia analia. Alidhani sikumsikia.

Raundi ya tatu mtani alinisindikiza kama kawaida, akanibebea mkoba, akanipangusia kiti. Yule mama wa kidonda akaniuliza, "Yule mchekeshaji wako leo hajaja?" Nikamwonyesha. Alikuwa amekaa ubavuni pangu, ameinamisha kichwa. Daktari akapima, akapima tena. Uko palepale, umeng'ang'ania mbavu.

"Raundi ijayo tukiona hivi," akasema, "tutakaa tuzungumze."

Nilirudi Kiomboi nikiwa nimekata shauri. Mimi, ambaye kwa majirani huenda msibani tu, na hapo naondoka wa kwanza, nilisubiri nguvu zirudi kidogo, nikajifunga kanga kichwani, nikaliendea pengo la minyaa. Sikuwahi kulipita kutoka upande wangu. Limetobolewa kwa kipimo cha mwanamke mwembamba. Mimi, pamoja na ugonjwa wote, kalio langu halikuwa na habari. Nilikwama. Nikakaa pale katikati ya minyaa, kipara nje, nikifikiri kwamba kama nitafia hapa angalau nitakuwa nimekutwa safarini. Kisha tawi likavunjika, nikaangukia uani kwake.

Alikuwa amekaa chini anachambua dagaa kwenye ungo. Akaruka.

"Dada! Umepitia wapi?"

"Daktari alikuambia nini?"

"Lini, dada?"

"Usiniite dada! Siku ile, mlango ukiwa wazi nusu. Nataka kujua nimebakiza nini, nimechoka kunywa uji wa msiba kabla ya msiba."

Akaurudisha ungo chini. Alichukua muda kupangusa mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Hakuniambia kitu. Mimi ndiye niliyemuuliza."

"Ulimuuliza nini?"

"Kama uvimbe unasikia."

Nikamkodolea macho.

"Niliuambia usiondoke," akasema. "Mbele za watu wote niliuambia ukae. Hatujapoa na kicheko, tukaingia ndani, ukapimwa, haujaondoka. Umeongezeka na upande. Nimekuchuria, Marehe…" Neno likamponyoka, akajipiga kofi mdomoni, kofi la kweli.

"Daktari akasemaje?"

"Akasema hauna masikio. Akasema tulishaambiwa."

"Basi?"

"Basi yeye ana vipimo vyake. Mimi mama yangu alinifundisha kwamba uchuro ni uchuro. Nikasema bora ninyamaze. Nikuheshimu kama mtu anavyoheshimiwa. Kama kilichokuwa kinaushikilia ni mdomo wangu, ukikosa mdomo utaachia."

Msomaji unaweza kudhani nilifarijika. Nilikuja kutafuta habari mbaya, nikakuta hakuna habari yoyote. Lakini kaa nayo kidogo uone. Wiki zote zile niliogopa siri iliyokuwa nyuma ya ule ukimya. Sasa nyuma yake hapakuwa na kitu, na nilichobaki nacho ni uvimbe wenyewe, ambao haukujali kama tunacheka au tunaamkiana. Siri ungeweza kuipitia kwenye minyaa, ukaiuliza. Huo ungeuuliza wapi?

"Sikiliza," nikamwambia. "Nyama ile ilikatwa kabla hujausemesha. Alama zilikuwa humo tayari. Hukuongeza, hukupunguza."

"Na alama si zilisema una haraka, utakutwa njiani? Mbona haujakutwa?"

 Ndilo swali nililokuwa nalala nalo.

"Rudi kwenye matusi yako," nikasema. "Nakuomba."

Akatikisa kichwa. "Tusubiri raundi ya nne. Ukipungua nitakutukana mpaka ujute kupona. Usipopungua…" Akauchukua ungo wake. Dagaa aliokuwa amewachambua na ambao hakuwachambua akawachanganya wote pamoja, bila kuona.

Hivyo tukaingia raundi ya nne kama watu wawili waliobeba kitu kimoja cha kuvunjika. Njiani alinipa maji kabla sijaomba. Kwenye benchi alikaa wima. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge changu cha njano, kile ambacho alikuwa amekichagua, kwa uchokozi tu, nikitumaini kitamshinda. Hakukitazama.

Daktari alizima simu yake kabla ya kupima. Akapima. Mdomo mmoja wa kipimio upande huu, mdomo mwingine upande ule. Akausukuma uvimbe kwa vidole kuona kama utasogea juu ya mbavu. Niliuhisi mimi mwenyewe. Ulikuwa kama jiwe la kusagia, limezikwa nusu.

Akavuta kiti. Akakaa.

"Mama," akasema, "tuzungumze."

Nilitazama dirisha. Nje kulikuwa na mtu anafagia, na vumbi alilolifagia lilikuwa linarudi nyuma yake.

"Haujapungua. Dawa hii umeikataa. Alama zilitupa sababu ya kutegemea ungeyeyuka. Wengi wenye alama kama zako huyeyuka. Wako haukuyeyuka, na siwezi kukuambia kwa nini. Tunabadilisha dawa. Ipo nyingine, inashambulia kwa njia tofauti."

"Na hiyo, alama zinasema nitaisikia?"

"Zinasema inafaa kujaribu," akajibu. "Zaidi ya hapo hazisemi, mama. Na hii nayo ukiikataa, milango inakuwa michache."

 Kipimio kilikuwa mezani, midomo imeachama. Niliona bega la mtani likipanda na kushuka, nikajua analia, nikajiandaa kuwa mimi wa kumbembeleza, kazi nisiyoiweza.

"Daktari," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kazi. "Nimenyamaza wiki zote hizi. Nimempa shikamoo huyu mtu, nimempelekea uji, nimepitia getini kama mgeni. Na bado haujaondoka?"

"Bado."

"Basi mdomo wangu haumo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na mkasema una haraka. Haraka gani? Uvimbe huo ni wake kweli, ni mtu wa nyumbani. Umezaliwa Kiomboi, umekaa kifuani kwa mtu asiyetoka uani kwake, mnataka uhame kwa sababu mmeumwagia soda?" Akanigeukia. "Marehemu, vaa tuondoke. Hicho kitenge cha njano nakiona tangu asubuhi, usijifanye."

Nilicheka. Nilicheka mpaka daktari akashika kipimio chake kisianguke. Nikakifungua kitenge, nikabaki na gauni, yeye akakifunga kiunoni, akatoka nacho kwenye korido ndefu ya wodi akitembea mwendo wangu. Ule mwendo wenyewe, wa bata na chatu, mkono mmoja kiunoni, akisimama kila hatua chache kuuliza kama kuna mahali pa kukaa. Aliupata wote. Sikuwahi kujua kwamba mguu wangu wa kulia nauburuta kidogo mpaka nilipouona kwake. Wanawake kwenye mabenchi waliangua kicheko, vilemba vikalegea.

Yule mama wa kidonda akanivuta mkono. "Jamani, huyu ni nani yako hasa?"

"Mtani wangu. Msukuma."

Akaacha kucheka. Si ghafla, ila kama taa inayoishiwa mafuta. Alikuwa mtu wa huku kwetu, alijua watani hufanya kazi hii wapi. Tukawa tunamtazama wote wawili, mimi na yeye, yule mwanamke aliyevaa kitenge changu akinitembeza mpaka mwisho wa korido, akageuka pale kwenye mwanga wa mlango, akarudi.

Leo tunakwenda kuanza dawa mpya. Nimeamka mapema, nimewafungulia kuku waliobaki, nimekaa kigodani na mkoba magotini. Pengo la minyaa bado ni pana nilipolivunja mimi, hakuna aliyeliziba. Limetikisika. Nimeiona kanga, kisha kichwa kilichofunikwa, kisha mgongo unaonyooka.

"Marehemu!" anaita. "Basi litatuacha!"

Nami nimeitika.